Deni linaisha Julai, mimi naogopa Agosti

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisiandikwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida; wilaya siitaji maana walimu tunajuana mpaka namba za viatu. Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto watatu.

Miaka mitano iliyopita nilichukua mkopo benki, shilingi milioni 13.5, wa miezi 60. Tulinunua kiwanja, tukajenga msingi, tukapandisha ukuta mpaka kwenye lenta. Hapo pesa ikakata. Ukuta umesimama vilevile mpaka leo, majani yameota ndani, mbuzi wa jirani ndio wapangaji wetu. Sisi wenyewe tunapanga vyumba viwili na sebule kwa 80,000 kwa mwezi. Mshahara wangu wa msingi ni 960,000. Ukitoa kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi), bima na chama cha walimu, halafu makato ya mkopo 328,000, nabaki na 430,000. Mume wangu ananunua na kuuza alizeti. Msimu ukikubali tunakula nyama, msimu ukikataa mshahara wangu ndio kila kitu.

Sasa yaliyonikuta. Septemba 2023 mama yangu alizidiwa na sukari kijijini, akaletwa mjini usiku kwa gari la kukodi. Hakuwa na bima. Mume wangu alikuwa safari, simu haipatikani. Zilitakiwa laki sita na mimi mkononi nilikuwa na elfu arobaini. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa kaka mmoja anayekopesha watumishi. Hana ofisi, ana pikipiki na daftari. Alinipa laki sita ndani ya nusu saa, akachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Nilijua kabisa kwamba hii ndiyo kausha damu, Shangazi, siwezi kusema sikujua. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu.

Ikawa miezi 14. Kila mshahara ukisoma, yeye ndiye anayetangulia kwenye ATM. Anatoa 180,000 zake, zinazobaki ananiletea shuleni kwenye bahasha ya kaki, wanafunzi wanaona, utadhani yeye ndiye mwajiri wangu. Zile laki sita zenyewe hazikupungua hata shilingi. Nikaanza kuziba pengo kwa mikopo ya simu, huu unalipa ule, na kwa Mangi dukani daftari likajaa ukurasa wangu peke yangu.

Mume wangu hakujua, na mpaka leo hajui. Nilimwambia serikali imeongeza makato. Aliamini, au aliamua kunyamaza, sielewi.

Kilichoniokoa ni VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Desemba 2024 tulivunja sanduku, mgao wangu ukawa 740,000. Siku hiyohiyo nilimfuata yule kaka, nikamhesabia laki sita zake, akanirudishia kadi. Nililia njia nzima. Mwaka uliofuata wote nikautumia kulipa simu na Mangi. Sasa nimebakiwa na benki tu, na makato ya mwisho ni Julai.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Afisa mikopo wa benki ameshanipigia mara tatu. Anasema ninakidhi vigezo vya kukopa upya juu ya deni lililobaki, wenyewe wanaita topapu: milioni 15 kwa miaka saba, makato 281,000. Mume wangu ameshika hapo hapo. Anasema, mke wangu, si unaona makato yanapungua? Tunapaua, tunahamia, kodi ya pango tunaipa kisogo. Anasema mtumishi anayeogopa kukopa huzeekea kwenye nyumba za watu.

Mimi nikisikia neno mkopo tumbo linavurugika. Ninachotaka ni hizo 328,000 zibaki kwangu kuanzia Agosti, niweke. Lakini nina hofu nyingine ambayo naona hata aibu kuiandika: naogopa kukaa bila deni. Deni lilikuwa linanisaidia kusema sina, na kweli sina. Mdogo wangu anataka nimdhamini pikipiki ya mkataba. Shemeji yangu ana ada ya chuo. Wote wanaihesabu Julai kuliko ninavyoihesabu mimi. Mshahara ukija mzima nitaulinda vipi?

Rafiki yangu ananiambia nimdanganye mume kwamba benki imekataa, nifungue akaunti ya siri, yaishe. Shangazi, nikubali topapu tumalize nyumba? Nikatae niweke akiba? Au nifanye alivyosema rafiki yangu?

Mwalimu, Singida


JIBU

Marahaba, mwanangu Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu na kikokotoo, kwa sababu wewe umenipa namba na ni watu wachache wanaonipa namba. Wengi huniandikia "nina madeni mengi" basi. Wewe unajua unadaiwa nini, na nani, mpaka lini. Naomba ulishike hilo kabla sijasema lingine, maana barua yako yote imejaa aibu na mimi naona mahali pengi ambapo aibu imekaa pasipo pake.

Tuanze na kaka wa pikipiki. Kwa miezi 14 ulimpa 180,000, jumla 2,520,000, kisha ukamrudishia laki sita zake. Laki sita zilikugharimu milioni tatu na laki moja na ushee. Nchini kwetu ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja lake Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni lako hilo ingekuwa 21,000 kwa mwezi. Ipo pia kanuni mnayoijua vizuri watumishi, kwamba makato yote yakishapita lazima mtu abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Kwako theluthi ni 320,000. Kwenye karatasi ya mshahara ulikuwa salama, ulibaki na 430,000. Kadi ikaizunguka kanuni kwa mlango wa nyuma, bahasha ya kaki ikaja na 250,000. Ndiyo maana huyo bwana hakutaka shamba wala televisheni iwe dhamana. Alitaka kadi.

Sikuhesabii haya nikuumize. Nakuhesabia ili uone kwamba uliyetoka humo, tena kwa mgao wa hisa zako mwenyewe, hukuwa mzembe wa pesa. Hata ulipokuwa unakamuliwa, uliendelea kununua hisa VICOBA. Sijui uliwezaje.

Sasa swali lako. Umeniuliza njia tatu: topapu, akiba, au uongo na akaunti ya siri. Kabla sijazigusa, niruhusu nirudi kwenye ule usiku wa Septemba, kwa sababu naona wewe na mume wako wote mnaitazama nyumba, na mimi jicho langu halitoki hospitali.

Mkopo wa milioni 13.5 umeulipa miaka mitano bila kuyumba. Haukukuua. Kilichokupeleka kwa yule mtu ni laki sita ambazo hazikuwepo usiku mmoja. Tuseme imefika Agosti, huna deni hata la kiberiti, halafu tarehe 2 mama anazidiwa tena. Utakuwa na tofauti gani na Septemba 2023? Tuseme upande wa pili mmetopapu, bati limepanda, mmehamia, na mama anazidiwa. Je, bati utaling'oa? Kwa hiyo mimi, kwa macho yangu ya mbali, naona njia zote mbili mnazobishania zina shimo lilelile katikati, na shimo hilo lina bei unayoijua. Kiasi cha pesa kinachoweza kutoka siku moja bila kumwomba mtu: kama ni laki sita, kama ni milioni moja, wewe ndiye unayejua hospitali ya kwenu inakula kiasi gani. Mengine yote, yawe nyumba, yawe uwekezaji, sioni yanakaa juu ya nini kabla hilo halijakaa.

Na hapa kuna jambo nimelizungushia duara kwa kalamu. "Hakuwa na bima." Mwanangu, wewe unakatwa bima ya afya kila mwezi. Utaratibu wa NHIF kwa watumishi umekuwa unamruhusu mwanachama kuandikisha mwenza wake na wategemezi hadi wanne, na wazazi wamo. Una watoto watatu. Umenielewa naelekea wapi. Pengine nafasi ya nne imeshajazwa na mkwe wako au mtoto wa ndugu, sijui. Pengine mliambiwa mkasahau. Nenda kwa ofisa utumishi na cheti chako cha kuzaliwa uulize utaratibu wa sasa ukoje. Kliniki ya sukari ni safari ya kila mwezi, haiendi likizo.

Turudi kwa mume wako. Nilianza kuisoma sehemu yake nikiwa nimekunja uso, nikaja kugundua kwamba hesabu yake haina wazimu. Pango la 80,000 kwa miaka saba ni 6,720,000, na hapo mwenye nyumba awe hajapandisha hata mara moja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Saruji na nondo haziwasubiri ninyi. Na ukuta ulioachwa kwenye lenta unanyeshewa, kila masika inachukua chake. Anayetaka kupaua ana sababu.

Ila yapo ya kumuuliza, na ya kumuuliza afisa mikopo pia. Makato ya 281,000 kwa miezi 84 yanafika 23,604,000. Yaani milioni 15 zinarudi na wenzake milioni 8.6. Huo ndio upande wa pili wa mizani dhidi ya pango lenu, uweke wenyewe uone unavyolala. Halafu milioni 15 hazitafika mkononi zote: benki itajilipa kwanza salio la mkopo wa zamani, itakata ada yake na bima ya mkopo. Muulize kwa maandishi, kitakachoingia kwenye akaunti ni kiasi gani? Na kauli ya "makato yanapungua" ina mtego wake mdogo. Yanapungua ukilinganisha na leo. Ukilinganisha na Agosti, ambako makato ni sifuri, yanapanda kwa 281,000, nawe utayamaliza ukiwa na miaka 48.

Kuna swali ambalo lingenifanya nisilale. Mara ya kwanza mlishika milioni 13.5 zikaishia kwenye lenta. Je, mlikuwa na makadirio ya fundi kabla ya kuchukua mkopo, au mlianza na Mungu akawa mbele? Nauliza bila kejeli, wengi wetu tumejenga hivyo, hata mimi choo changu cha nje kilijengwa mara mbili. Safari hii je, fundi ameshapima? Mbao, bati la geji gani, misumari, milango ya nje, choo, maji? Kama mtu anasema "milioni 15 zinatosha" na hakuna karatasi, basi hata yeye hajui. Huenda mkapima mkakuta kupaua na kufunga vyumba viwili vya kuanzia kunahitaji nusu yake. Hapo mazungumzo yanabadilika kabisa, kwa sababu mnaweza kungoja Julai ipite, kisha mkopo mdogo wa muda mfupi, benki au kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya walimu kama ipo jirani na ina afya. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe umeweka kwanza, na nyingine wadhamini wake ni wanachama wenzako, kwa hiyo na wewe utaombwa kudhamini.

Na kiwanja, hati ya mauziano ile iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ina jina la nani? Hukuniambia. Mkopo uko kwenye jina lako na mshahara wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, lakini kuwepo kwa majina yote mawili kwenye karatasi hupunguza safari za mahakamani. Swali hili likiulizwa siku ya furaha, fundi yupo na soda zipo, huwa dogo. Ukilingoja siku ya ugomvi linakuwa kesi.

Kisha nikajiuliza, mbona ana haraka hivi? Alizeti inavunwa kuanzia Mei. Mnunuzi asiye na mtaji mwezi huo anawatazama wenzake wakipakia magunia. Mimi simjui mume wako na sitaki kumsingizia, lakini kama katika hizo milioni 15 kuna milioni mbili ambazo moyoni mwake zimeshapelekwa kwenye magunia, ni bora mlijue wote wawili mapema. Mtaji wa msimu si dhambi. Tatizo lake ni kwamba bei ya alizeti ikianguka, makato hayaanguki nayo.

Njia yako sasa. Ukiweka 328,000 kila mwezi kuanzia Agosti, mwaka mmoja unakupa karibu milioni nne hata bila faida. Ni pesa ya kweli, nyumba nyingi za nchi hii zimepauliwa hivyo, bati kumi leo, kumi mwezi ujao. (Saruji lakini usinunue mapema, inaganda stoo. Na mbao ziwekewe dawa, mchwa wa Singida hawana huruma.) Ubaya wake umeutaja wewe mwenyewe: pesa iliyokaa mkononi ina ndugu wengi.

Nimeipenda sana ile sentensi uliyoionea aibu, kwamba unaogopa kukaa bila deni. Mwanangu, ndiyo sentensi yenye akili kuliko zote katika barua. Deni limekufanyia kazi mbili kwa miaka mitano. Lilikula mshahara wako, sawa, lakini pia lilisimama mlangoni kama mgambo likiwarudisha watu. Likiondoka, mlango unabaki wazi. Wapo wanaotopapu kila mwaka, ukiwachunguza hawana shida ya pesa. Hawajui tu kusema hapana bila karatasi ya makato kuwasaidia. Kwa hiyo swali halisi la Agosti nadhani ni hili: nani atashika zamu ya huyo mgambo?

Baadhi hufanya hivi: mwezi uleule makato ya benki yanapokoma, wanaandika barua makato mengine yaanze, ya akiba ya SACCOS, ili mshahara ufike ukiwa umeshapungua kama ulivyozoea. Ukimwambia shemeji "nina makato" utakuwa husemi uongo. Wengine hununua vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ule Mfuko wa Ukwasi ndio watu huupenda kwa pesa ya dharura, kwa sababu ukiomba kuuza vipande pesa hutoka ndani ya siku chache za kazi. Siku chache lakini. Usiku wa manane haikusaidii, kwa hiyo sehemu ya zile laki sita lazima ikae benki au kwenye simu karibu na kidole. Na vipande si amana ya benki, thamani yake huenda na soko, usiweke huko pesa ya ada ya mwezi ujao. VICOBA endelea nayo, imeshakuonyesha uaminifu wake, ila usiweke vyote kwenye sanduku moja, hata liwe na kufuli tatu.

Nikigusia uzee kidogo, kwa kuwa umri wako unaruhusu: unachangia PSSSF asilimia 5 na mwajiri asilimia 15, na ukistaafu, mkupuo, yaani pesa ya mara moja, ni asilimia 40, kinachobaki kinakuja kila mwezi. Wale wanaosema "nyumba nitaimalizia kwa kiinua mgongo" wangepiga hesabu hiyo upya. Na mara mojamoja angalia taarifa ya michango yako kama miezi yote imo.

Kuhusu mdogo wako na mkataba wa pikipiki. Kudhamini ni kukubali kulipa asipolipa. Kama moyo wako unasema ungemlipia bila kinyongo, hilo ni lako. Kama hapana, unayo pia namna ya kumsaidia kwa kiasi kidogo ambacho hutakidai. Sitakaa hapo zaidi.

Tumefika kwa rafiki yako. Sitamsema vibaya, anakupenda. Na mwanamke kuwa na kibindo chake si habari mpya, bibi zetu walifunga senti kwenye pindo la kanga na senti hizo zilisomesha watu. Lakini kibindo na anachokushauri ni vitu viwili. Kibindo kinasema "hizi ni zangu". Uongo wa "benki imekataa" unahitaji afisa mikopo asipige simu tena mume akiwa sebuleni, unahitaji mwalimu mwenzako aliyekuelekeza kwa kaka wa pikipiki asiteleze ulimi, unahitaji karatasi ya mshahara ya Agosti isionekane. Mji wenu ni mdogo. Umeshabeba siri moja miaka zaidi ya miwili, na kwa maandishi yako mwenyewe imekuchosha kuliko deni lenyewe.

Umeandika "aliamini, au aliamua kunyamaza". Nami nimekaa na hayo maneno. Mtu anayepima magunia kwa macho, je, kweli hakuona 180,000 zikipotea nyumbani kwake miezi 14? Labda hakuona. Labda aliona akaogopa kuuliza, akidhani zinakwenda mahali pabaya zaidi. Na labda kuvurugika kwa tumbo lako yeye anakusoma kama ubishi, kwa sababu hajui kisa chake. Unamwomba akuelewe huku ukurasa muhimu umeukalia.

Hapa lazima nikuulize jambo na unijibu moyoni tu. Unapofikiria kumwambia, unachoogopa ni hasira na kununa, au unaogopa mkono? Kama ni mkono, sahau niliyoyasema juu ya uwazi. Usalama wako na watoto unatangulia, na mazungumzo kama hayo hayafanywi peke yenu chumbani. Dawati la Jinsia polisi lipo, ofisi ya ustawi wa jamii ipo, na huenda kuna mama mmoja mnayemheshimu wote. Kama ni kununa, hilo wewe unalijua uzito wake na unajua huchukua siku ngapi kwake.

Ukiamua kusema, wengine huanza na kilichokwisha: "Kuna deni nililipa peke yangu, nataka ujue." Ni tofauti na kuja na deni bichi. Daftari mezani, jinsi ulivyoingia na ulivyotoka, kisha makadirio ya fundi pembeni yake. Si siku aliyotoka kupata hasara mnadani. Akijua kwamba hofu yako ina jina la mama na ina tarehe, pengine naye ataanza na laki sita kabla ya bati. Pengine atasema topapu palepale, nawe utakuwa umesikilizwa kwanza. Pengine atanuna. Siwezi kukuahidi lipi, na ukiamua kungoja mpaka Julai ipite sitakulaumu, ila afisa mikopo hatangoja, na kimya chako mezani huenda kikasomwa kuwa ndiyo.

Kuna kitu kimoja kimenikaa tangu nimalize barua yako. Umesema alikurudishia kadi ukalia njia nzima. Hukusema kama ulibadilisha namba ya siri. Alikuwa anaibonyeza kila mwezi, miezi 14, bado anayo kichwani. Ni dakika mbili kwenye mashine ileile. Mshahara ukisoma mwezi huu, anza na hilo kabla hujatoa shilingi.

Wako, Shangazi